Uchumi wa Kirgizia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Yafuatayo ni maswali yanayorudiwa na wanafunzi, wafanyabiashara na wasomaji wa kawaida kila uchumi wa Kirgizia unapotajwa. Yamepangwa kwa mada, kuanzia mambo ya msingi hadi yale ya pembeni. Pale jibu linapogusa jambo lililokwisha kuelezwa, msomaji anaelekezwa kwenye swali husika.

## Mambo ya msingi

Kirgizia iko wapi, na milima inahusianaje na uchumi wake?

Kirgizia, ambayo pia huitwa Kirgizistani, iko Asia ya Kati na inapakana na Kazakhstan, Uzbekistan, Tajikistan na China. Eneo lake ni takriban kilomita za mraba 200,000 na wakazi wake ni karibu milioni 7. Zaidi ya asilimia 90 ya ardhi iko juu ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na kilele cha juu kabisa, Jengish Chokusu katika safu ya Tian Shan, kina mita 7,439.

Ardhi inayoweza kulimwa haifiki sehemu moja ya kumi ya nchi nzima, nayo imejikusanya katika mabonde machache: Chuy na Talas upande wa kaskazini, kingo za ziwa Issyk-Kul upande wa mashariki, na pembezoni mwa Bonde la Fergana upande wa kusini. Sehemu kubwa iliyobaki ni malisho, miamba na theluji. Nchi haina pwani, na bidhaa inayotoka Osh, mji mkubwa wa kusini, kwenda Bishkek, mji mkuu ulio kaskazini, husafiri kwa barabara inayopanda hadi zaidi ya mita 3,000 mara mbili kabla ya kufika. Ndiyo maana mazungumzo kuhusu bei huko hayaachi kugusa habari za barabara na vivuko vya milima.

Je, ni kweli kwamba Kirgizia ni nchi ya kilimo?

Jibu linategemea kinachopimwa. Katikati ya miaka ya 1990 kilimo kilichangia zaidi ya asilimia 40 ya pato la taifa. Leo mchango wake ni karibu asilimia 10 tu. Ukitazama kipimo hicho pekee, hii si nchi ya kilimo tena, kwa kuwa huduma na biashara zimekipita kilimo kwa mbali.

Hata hivyo, karibu theluthi mbili ya wananchi wanaishi vijijini, na familia nyingi zina kipande cha shamba, ng'ombe kadhaa au kundi dogo la kondoo, hata kama mmoja wao anafanya kazi Moscow na mwingine anauza nguo Bishkek. Mashambani ndiko watu wanakoishi na ndiko wanakopata chakula, lakini siko zinakotoka fedha nyingi za nchi. Asiyeuelewa mgawanyiko huo atashindwa kueleza kwa nini nchi inayoitwa ya kilimo hutikiswa zaidi na habari za soko la ajira la Urusi kuliko habari za mavuno.

Kirgizia ni maskini kiasi gani?

Benki ya Dunia huiweka katika kundi la nchi za kipato cha kati cha chini. Ndani ya uliokuwa Umoja wa Kisovyeti ilikuwa miongoni mwa jamhuri maskini zaidi, na imeendelea kuwa hivyo hata baada ya uhuru. Umaskini haujagawanyika sawa: Bishkek na bonde la Chuy wana hali nafuu, ilhali mikoa ya milimani kama Naryn, na ile ya pembezoni kama Batken, imekuwa nyuma kwa muda mrefu.

Sarafu yake ni ipi?

Ni som, iliyoanza kutumika tarehe 10 Mei 1993 badala ya rubli, kwa kiwango cha som 1 kwa rubli 200. Kirgizia ilikuwa ya kwanza kati ya jamhuri za Asia ya Kati kuitoa rubli na kuwa na sarafu yake, uamuzi uliowaudhi majirani wakati huo lakini ulioiwezesha kuudhibiti mfumuko wa bei mapema. Dola ya Marekani na rubli ya Urusi hubadilishwa kwa urahisi katika maduka ya kubadilishia fedha mijini.

Nini kilitokea Umoja wa Kisovyeti ulipovunjika?

Kirgizia ilitangaza uhuru tarehe 31 Agosti 1991, na katika miaka minne iliyofuata uchumi wake uliporomoka kwa takriban nusu. Viwanda vyake vilikuwa vimejengwa ili vilishe mfumo mmoja mkubwa: kimoja kilitengeneza vipuri vya mashine iliyokamilishwa jamhuri nyingine, kingine kilisafisha sukari ghafi iliyotoka mbali, na vingine vilizalisha vifaa vya kijeshi. Mfumo ulipokatika, viwanda hivyo vilikosa malighafi, wanunuzi na ruzuku kwa wakati mmoja. Mafundi na wahandisi wengi, hasa wenye asili ya Urusi na Ujerumani, walihama.

Waliobaki walirudi kwenye ardhi. Kupanda kwa mchango wa kilimo katika pato la taifa mwanzoni mwa miaka ya 1990 kulitokana zaidi na kuporomoka kwa kila kitu kingine kuliko na ustawi wa mashamba.

## Ardhi, mazao na mifugo

Ardhi ya kilimo ni ya nani?

Kwa sehemu kubwa ni ya watu binafsi. Mashamba makubwa ya dola na yale ya pamoja, yaliyojulikana kama sovkhozi na kolkhozi, yalivunjwa katika miaka ya 1990 na ardhi yake ikagawiwa familia za vijijini kwa hisa, kwa kufuata idadi ya watu wa kaya na kiasi cha ardhi kilichopatikana eneo husika. Sehemu ya ardhi, kwa kawaida robo, iliwekwa katika mfuko wa serikali ili ikodishwe. Kura ya maoni ya mwaka 1998 ilihalalisha umiliki binafsi wa ardhi, sheria ya ardhi ikafuata mwaka 1999, na zuio la kuuza ardhi ya kilimo likaondolewa mwaka 2001.

Ugawaji huo ulikuwa wa haki kuliko wa nchi nyingi za jirani, na kwa maoni ya mwandishi ndio uamuzi uliowaokoa wanavijiji na njaa katika kipindi kile. Gharama yake ilionekana baadaye: mashamba mengi ni ya hekta chache tu, wakati mwingine yamegawanyika vipande viwili au vitatu vilivyo mbalimbali, na mwenye shamba kama hilo hapati trekta kwa bei nafuu wala mkopo wa masharti mepesi. Kusini, ambako watu ni wengi zaidi, vipande ni vidogo zaidi.

Na malisho, je, nayo ni mali ya watu binafsi?

Hapana. Malisho, ambayo ni takriban hekta milioni 9 na yanakaribia nusu ya nchi, ni mali ya dola na hayauzwi. Sheria ya mwaka 2009 iliukabidhi usimamizi wake kwa jumuiya za watumiaji katika kila eneo la vijiji, kupitia kamati za malisho. Mfugaji hulipa ada kwa idadi ya mifugo yake badala ya kukodi eneo, na kamati hupanga nani aende wapi na lini, kisha hutumia fedha hizo kukarabati madaraja, njia na sehemu za kunyweshea.

Kabla ya hapo, malisho ya karibu na kijiji yalisimamiwa na ofisi moja, ya mbali kidogo na nyingine, na yale ya juu kabisa na nyingine tena, hali iliyomlazimu mfugaji anayehama kutoka bonde hadi kilele kubisha hodi katika ofisi tatu. Sheria mpya iliondoa usumbufu huo. Tatizo ambalo haijalimaliza ni kwamba malisho ya karibu na vijiji yamechakaa kwa kulishwa kupita kiasi, huku yale ya mbali yakitumika chini ya uwezo wake kwa sababu barabara ni mbovu na wenye mifugo michache hawamudu gharama za kuhama.

Kwa nini watu wanafuga sana kama faida yake ni ndogo?

Kwa sababu mfugo ni zaidi ya bidhaa: kondoo au ng'ombe ni akaunti ya akiba inayotembea. Familia inayopokea fedha kutoka Urusi hununua mifugo, na inapofika ada ya chuo, matibabu, mazishi au sherehe, hutolewa mmoja ukauzwa kwenye mnada wa wiki. Mfumuko wa bei hauili thamani ya kondoo kama unavyokula noti, na kumbukumbu za akiba zilizoyeyuka benki mwanzoni mwa miaka ya 1990 hazijasahaulika. Farasi nao wana hesabu yao: kwenye jailoo, yaani malisho ya kiangazi, hutoa kymyz, maziwa ya farasi yaliyochachushwa, ambayo huuzwa barabarani na mijini, na nyama yao inatakiwa katika kila sherehe yenye hadhi.

Idadi ya kondoo na mbuzi ilikuwa karibu milioni 10 mwishoni mwa enzi ya Kisovyeti, wakati Kirgizia ilipokuwa mzalishaji mkubwa wa sufu ya merino, ikaanguka chini ya milioni 4 katikati ya miaka ya 1990 kwa sababu watu walichinja na kuuza ili waishi. Leo imerejea hadi karibu milioni 6, lakini kondoo wa sasa wanafugwa kwa nyama. Sufu imepoteza soko kiasi kwamba mara nyingi haifidii gharama ya kunyoa.

Mazao makuu ni yapi?

Ngano, shayiri, mahindi, viazi, mboga na lishe ya mifugo huchukua sehemu kubwa ya mashamba. Viazisukari hulimwa bonde la Chuy, pamba katika mikoa ya Osh na Jalal-Abad, na aprikoti katika Batken na kando ya Issyk-Kul. Tumbaku, iliyowahi kuwa zao muhimu kusini, imepungua sana.

Mfano unaostahili kuangaliwa kwa makini ni Talas. Baada ya uhuru, bonde hilo liligeukia maharagwe meupe na ya aina nyingine kwa ajili ya kuuza nje, hasa Uturuki na nchi za Balkani, ingawa wenyeji wenyewe hawakuwa na mazoea ya kula maharagwe. Zao hilo halihitaji ghala la baridi, halichubuki njiani na linavumilia safari ndefu, sifa zinazolifaa eneo lililo mbali na bahari. Limejenga nyumba nyingi Talas. Pia limelifanya bonde zima kutegemea bei moja inayopangwa na wanunuzi wa mbali, na kulima zao lilelile kwenye shamba lilelile kila mwaka kumechosha udongo.

Vipi kuhusu misitu ya jozi?

Karibu na Arslanbob, mkoani Jalal-Abad, kuna misitu ya asili ya jozi inayohesabiwa kuwa miongoni mwa mikubwa zaidi duniani. Ni ya dola, na familia hukodi vipande vya msitu kwa ajili ya kuokota. Wakati wa mavuno, vijiji vizima huhamia msituni kwa wiki kadhaa. Mwaka wa baridi ya ghafla wakati wa maua hakuna mavuno kabisa, na hivyo jozi ni bahati zaidi kuliko mshahara.

Nchi ya kilimo inaagizaje ngano?

Kwa sababu ardhi ya umwagiliaji ni adimu na ngano ndiyo zao linalolipa kidogo zaidi kwa kila hekta. Mkulima mwenye hekta mbili anapata zaidi kwa maharagwe, viazi au majani makavu ya mifugo. Ngano ya Kirgizia pia huwa na gluteni hafifu, kwa hiyo wasagaji huichanganya na ngano ya Kazakhstan ili mkate uumuke vizuri. Matokeo yake ni kwamba Kazakhstan au Urusi ikizuia mauzo ya nafaka, bei ya mkate hupanda Bishkek ndani ya muda mfupi, na serikali hujibu kwa kutoa akiba yake na kuzuia baadhi ya vyakula kuuzwa nje.

## Fedha zinatoka wapi

Kumtor ni nini, na kwa nini hutajwa kila mara?

Kumtor ni mgodi wa dhahabu ulio kwenye mwinuko wa takriban mita 4,000 katika mkoa wa Issyk-Kul, ulioanza uzalishaji mwaka 1997. Kwa miaka mingi mgodi huu mmoja ulichangia karibu sehemu moja ya kumi ya pato la taifa na sehemu kubwa ya mauzo ya nje. Mwaka ambao uchimbaji ulikumbana na matatizo ya barafu au miamba, ukuaji wa uchumi wa nchi nzima ulishuka, na ndiyo maana takwimu rasmi zilizoea kutolewa mara mbili: pamoja na Kumtor na bila Kumtor.

Mgodi uliendeshwa na kampuni za Kanada, kwanza Cameco na baadaye Centerra Gold, na haukukosa migogoro. Mei 1998 lori lililobeba sianidi lilitumbukia katika mto Barskoon na kumwaga karibu tani 1.7 za kemikali hiyo, tukio ambalo watu wa kusini mwa Issyk-Kul hawajalisahau. Kulikuwa pia na malumbano ya mgawanyo wa faida na ya mabaki yaliyorundikwa juu ya barafuto. Mei 2021 serikali ilichukua uendeshaji wa mgodi, na makubaliano ya mwaka 2022 yaliuweka wote mikononi mwa kampuni ya dola, Kyrgyzaltyn.

Wapo wanaouita uamuzi huo ukombozi na wapo wanaouita onyo kwa wawekezaji. Jambo lililo wazi ni kwamba hatari ambazo zamani zilibebwa na wenye hisa wa kigeni, ikiwemo gharama ya kufunga mgodi na kutunza bwawa la mabaki ya sumu, sasa ni za dola yenyewe.

Fedha za wahamiaji zina uzito gani?

Mkubwa mno. Kwa miaka mingi tangu 2010, fedha zinazotumwa nyumbani na Wakirgizi walio nje zimekuwa kati ya robo na theluthi ya pato la taifa, kiwango ambacho ni miongoni mwa vya juu zaidi duniani. Nyingi hutoka Urusi, ambako wahamiaji hufanya kazi za ujenzi, usafi, udereva, upishi na maduka.

Fedha hizi hazipiti kwenye bajeti ya serikali. Zinaingia moja kwa moja jikoni. Hulipia chakula, paa jipya, ada, sherehe na, kama ilivyoelezwa katika swali la ufugaji, mifugo. Kiasi kidogo tu huingia katika biashara au viwanda. Vijiji vingi vya kusini vina bibi na babu wanaolea wajukuu ambao wazazi wao wako Urusi, na hii ni gharama isiyoandikwa katika hesabu yoyote ya taifa.

Utegemezi huo una mlango mmoja. Rubli iliposhuka mwishoni mwa 2014, mshahara uleule wa Moscow ulileta som pungufu huko Osh. Baadhi ya vijana sasa wanakwenda Korea Kusini, Uturuki na Uingereza, lakini Urusi bado ni kituo kikuu.

Soko la Dordoi linafanyaje kazi?

Dordoi, pembezoni mwa Bishkek, ni moja ya masoko makubwa zaidi Asia ya Kati, nalo limejengwa kwa makontena ya meli yaliyopangwa ghorofa mbili: la chini ni duka, la juu ni ghala. Lilianza mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kusini kuna ndugu yake, soko la Kara-Suu, karibu na Osh na mpaka wa Uzbekistan.

Siri ya Dordoi ilikuwa ushuru. Kirgizia ilijiunga na Shirika la Biashara Duniani Desemba 1998, kabla ya jamhuri nyingine yoyote iliyobaki katika Jumuiya ya Madola Huru, na ushuru wake wa forodha ulikuwa mdogo kuliko wa majirani. Bidhaa za China zilipita vivuko vya Torugart na Irkeshtam, zikauzwa kwa jumla Dordoi, kisha zikaenda Kazakhstan, Urusi na Uzbekistan. Biashara hiyo iliajiri wauzaji, wapagazi, madereva, wapishi na wabadilisha fedha kwa maelfu. Kilichoibadilisha ni jambo linaloelezwa katika swali la Umoja wa Kiuchumi wa Eurasia, hapa chini.

Je, kuna viwanda vyovyote vilivyosimama?

Vipo. Karakana za kushona nguo, nyingi ndogo na nyingine zikiwa ndani ya nyumba za watu, zilikua kwa kutumia vitambaa vilivyoingia Dordoi na wanawake waliojua cherehani tangu enzi ya Kisovyeti. Serikali iliwaruhusu kulipa kodi ya kiwango maalumu kwa mwezi bila hesabu ndefu, na nguo zao zimepata soko kubwa Urusi na Kazakhstan. Wafanyakazi wengi hawana mkataba wala michango ya pensheni.

Utalii unaingiza kiasi cha kutosha?

Unaingiza cha maana lakini kwa msimu mfupi. Issyk-Kul, ziwa lililoko mita 1,607 juu ya usawa wa bahari ambalo haligandi wakati wa baridi, huvutia Wakazakh, Warusi na Wauzbeki kati ya Juni na Agosti. Wageni wa mbali huja kupanda milima na kulala kwenye mahema ya wafugaji, na fedha zao, ingawa ni chache kwa jumla, hufika vijiji ambavyo mkondo mwingine wowote wa mapato hauvifikii.

## Maji na umeme

Kwa nini nchi yenye mito mingi inakatiwa umeme?

Takriban asilimia 90 ya umeme unaozalishwa nchini hutoka kwenye maji, na moyo wa mfumo huo ni bwawa la Toktogul kwenye mto Naryn, lenye uwezo wa kuhifadhi mita za ujazo bilioni 19.5. Katika miaka ya theluji kidogo bwawa halijai. Mahitaji nayo yamepanda, kwa kuwa watu hutumia umeme kupasha nyumba joto wakati wa baridi kali na bei yake imekuwa chini ya gharama kwa miongo mingi. Mwaka 2023 serikali ilitangaza hali ya dharura katika nishati hadi mwisho wa 2026, na umeme huagizwa kutoka nchi jirani.

Kupandisha bei ni jambo linalogusa siasa moja kwa moja. Ongezeko la ghafla la mwanzoni mwa 2010 lilikuwa miongoni mwa sababu za hasira zilizomwondoa Rais Kurmanbek Bakiyev Aprili mwaka huo, na kila serikali iliyofuata imelikumbuka hilo.

Mgogoro wa maji na majirani unahusu nini?

Unahusu majira. Mto Naryn ukikutana na Kara-Darya katika Bonde la Fergana huwa Syr-Darya, unaomwagilia mashamba ya Uzbekistan na Kazakhstan. Wao wanayataka maji kiangazi. Kirgizia inataka kuyapitisha kwenye mitambo wakati wa baridi. Moscow ilikuwa imelimaliza suala hilo kwa amri: Kirgizia ifungulie maji kiangazi, na ipewe makaa, mafuta na gesi wakati wa baridi. Baada ya 1991 mafuta na gesi vilianza kuuzwa kwa bei ya soko, na maji yakabaki bila bei. Mkataba wa 1998 ulijaribu kurejesha mabadilishano hayo lakini haukutekelezwa kikamilifu.

Hali ni tulivu zaidi sasa. Uzbekistan, ambayo chini ya Rais Islam Karimov ilipinga mabwawa mapya, imekubali pamoja na Kazakhstan kushirikiana katika mradi wa Kambarata-1, uliopangwa kuzalisha megawati 1,860 kwenye mto huohuo wa Naryn, kabla maji hayajafika Toktogul.

## Majirani, biashara na madeni

Kujiunga na Umoja wa Kiuchumi wa Eurasia kulileta nini?

Kirgizia iliingia rasmi Agosti 2015, ikijiunga na Urusi, Kazakhstan, Belarus na Armenia. Faida iliyo dhahiri ni kwa wahamiaji: hawahitaji tena kununua kibali cha kazi nchini Urusi, na vyeti vyao vinatambuliwa kwa urahisi zaidi. Washonaji nao walipata soko lisilo na forodha.

Walioumia ni wauzaji wa Dordoi, kwa sababu ushuru wa pamoja ulipandisha gharama ya bidhaa za China. Wakulima walitarajia milango ifunguke, wakakutana na ukaguzi wa mifugo na mimea ambao nchi haikuwa na maabara za kuukidhi. Umoja wenyewe hauzuii ubishi wa kisiasa: mwaka 2017, baada ya maneno makali kati ya viongozi, Kazakhstan ilikaza ukaguzi mpakani na malori yakapanga foleni kwa wiki kadhaa, ingawa kwa maandishi hapakuwa na forodha kati ya nchi hizo.

Kwa nini uchumi umekua haraka tangu 2022?

Vikwazo dhidi ya Urusi viliifanya Kirgizia kuwa njia. Magari, vifaa vya umeme na bidhaa nyingine kutoka China, Ulaya na kwingineko huingia na kutoka tena kuelekea Urusi, na biashara, usafirishaji na benki zote zimefaidika. Mauzo ya baadhi ya nchi za Ulaya kwenda Kirgizia yaliongezeka mara kadhaa bila Wakirgizi wenyewe kuongezeka, na nchi za Magharibi zimeziwekea vikwazo baadhi ya kampuni na taasisi za fedha za nchi hiyo. Ukuaji huo ni wa kweli kwa maana ya kodi na ajira, lakini umejengwa juu ya vita ya wengine.

Je, China inaimiliki Kirgizia kwa madeni?

Haiimiliki, ingawa Benki ya China ya Mauzo na Uagizaji imekuwa mkopeshaji mkubwa kuliko wote. Mikopo yake ilijenga barabara na njia ya umeme ya Datka–Kemin, iliyounganisha kusini na kaskazini mwaka 2015 bila kupitia Uzbekistan. Iligharimia pia ukarabati wa mtambo wa joto wa Bishkek kwa dola milioni 386. Mtambo huo uliharibika katikati ya baridi ya Januari 2018, na uchunguzi uliofuata ulihusu bei zilizotiwa chumvi na kuwapeleka viongozi wa juu mahakamani. Tatizo, kwa hiyo, lilikuwa pia la waliotia saini.

Reli mpya itapita wapi?

Itatoka Kashgar nchini China, ipande milima ya Kirgizia na kuteremka hadi Uzbekistan. Ujenzi ulizinduliwa Desemba 2024 mkoani Jalal-Abad. China ina asilimia 51 ya hisa, na Kirgizia na Uzbekistan asilimia 24.5 kila moja. Huko Makmal mizigo itahamishwa kutoka reli ya upana wa China kwenda reli pana ya Kisovyeti, na hapo ndipo Kirgizia inategemea kupata ajira za kudumu. Ada ya kupitisha mizigo peke yake haitoshi.

## Maswali ya pembeni

Mgeni anaweza kununua shamba?

Hapana. Ardhi ya kilimo haiuzwi kwa wageni wala kampuni za kigeni. Suala hili linachoma: mwaka 2016 mpango wa serikali ya nchi jirani ya Kazakhstan wa kuongeza muda wa kukodisha ardhi kwa wageni ulizusha maandamano huko, na wanasiasa wa Bishkek waliutazama kwa makini.

Mapinduzi ya mara kwa mara hayauvunji uchumi?

Marais waliondolewa kwa nguvu ya umma mwaka 2005, 2010 na 2020, na kila mara kulikuwa na uporaji, kufungwa kwa mipaka na mwaka mbaya wa hesabu. Uchumi ulirudi upesi kuliko ilivyotarajiwa kwa sababu sehemu yake kubwa haipiti serikalini: mhamiaji aliendelea kutuma fedha, na kondoo waliendelea kupanda jailoo. Madhara ya kudumu yalikuwa kwa wawekezaji wa migodi na viwanda, ambao leseni zao zilipitiwa upya kila uongozi ulipobadilika. Machafuko ya kikabila ya Osh na Jalal-Abad ya Juni 2010 ni suala tofauti. Yaliua mamia ya watu na kuharibu masoko na mitaa ya biashara ambayo ilichukua miaka kurejea.

Takwimu rasmi zinaaminika?

Kwa dhahabu, umeme na bajeti, kwa kiasi kikubwa ndiyo. Kwa biashara ya mpakani, hapana: kwa miaka mingi thamani ya mauzo ambayo China iliandika kuwa yamekwenda Kirgizia ilizidi mara kadhaa ile iliyoandikwa na forodha ya Kirgizia kuwa imeingia. Kwa mifugo, hesabu huwa chini ya ukweli pale ada ya malisho inapolipwa kwa kichwa, kwa hiyo anayetaka picha kamili ya eneo fulani hulinganisha daftari la kamati ya malisho na idadi ya chanjo zilizotolewa na daktari wa mifugo.